Maswali ya wasomaji: Chuo cha Carysfort kilifungwa kwa nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa ualimu, natokea Nachingwea, na sasa niko BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, nafundisha darasa la kwanza. Mwenzangu kaniambia Ireland walifunga chuo cha walimu wa kike kilichodumu miaka zaidi ya mia, eti walimu wamezidi. Ni kweli? Tunaosoma ualimu leo tuwe na hofu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na chuo chenyewe ni Carysfort. Masista wa Huruma walikianzisha Dublin mwaka 1877, serikali ikakubali kukigharimia mwaka 1883, na mwaka 1903 kikahamia Blackrock, pembezoni mwa jiji. Kiliwatoa mabinti walioenda kufundisha shule za msingi nchi nzima.

Éamon de Valera, aliyekuja kuwa rais wa nchi ile, alianza kufundisha hisabati pale mwaka 1906. Kinachoniuma ni hiki: mwaka 1934, yeye akiwa ndiye mkuu wa serikali, ikawekwa kanuni kwamba mwalimu wa kike wa shule ya msingi akiolewa aache kazi. Ilidumu hadi 1958. Binti anasomeshwa, anapangiwa shule, anaanza kulizoea darasa, halafu posa inakuja na kazi inaishia hapo! Mimi niliolewa nikiwa kazini hapa Mtwara, nikalea wanangu na wa wenzangu pamoja. Ningefukuzwa kwa sababu ya ndoa, sijui darasa langu la pili lingepewa nani.

Kufungwa kwenyewe kulitokana na uzazi kushuka. Mwaka 1980 Ireland ilipata watoto zaidi ya 74,000. Mwaka 1989 walikuwa kama 52,000. Hazina nayo ilikuwa taabani. Mwaka 1986 serikali ikatangaza kwamba chuo kitafungwa, na mwaka 1988 kikafungwa. Leo majengo yale yanafundisha biashara, chini ya chuo kikuu cha UCD. Uamuzi ule mimi siuafiki. Madarasa yao wakati huo yalikuwa yamejaa kuliko ya nchi nyingi za Ulaya. Watoto wakipungua, hapo ndipo mwalimu anapopata nafasi ya kumsikiliza kila mmoja akisoma.

Huku kwetu watoto hawajapungua. Wahitimu wengi wako nyumbani wakisubiri ajira, na kijijini mwalimu mmoja anabeba madarasa mawili. Tatizo hilo ni la ajira, na ndilo la kulidai kwa sauti.

Na huko BTP usitegemee ubao peke yake. Omba korosho zilizokataliwa ghalani, chagua zisizopasuka, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi. Zifunge kumi kumi kwenye vitambaa, nyingine ziache wazi. Ukisema 23, mtoto achukue mafungu mawili na tatu za pembeni, aziweke mezani kwa mkono wake mwenyewe. Makumi na mamoja uyaandike ubaoni baadaye.