Jibu: Kwa nini seli T haziui seli nyekundu zenye malaria?

Ndugu wa Kondele, umeuliza kwa nini seli T zinazoua (seli nyeupe za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa) huipita tu seli nyekundu ya damu iliyojaa vimelea vya malaria. Jibu liko kwenye MHC, yaani protini zinazoonyesha juu ya seli vipande vya protini za ndani yake.

Seli T haioni antijeni (kitu kigeni kinachotambuliwa na kinga) ikiwa nzima, tofauti na kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa antijeni. Lazima protini ikatwekatwe ndani ya seli, kisha kipande cha asidi amino 8 hadi 10 hivi kilazwe kwenye mfereji wa MHC daraja la kwanza na kupandishwa juu ya utando, kama mitumba iliyoning'inizwa soko la Kibuye mteja aikague. Wanasayansi Zinkernagel na Doherty walionyesha mwaka 1974 kwamba seli T hukagua kipande na MHC yenyewe kwa pamoja.

Sasa, seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, na MHC hiyo ya daraja la kwanza karibu haina kabisa, kwa hiyo seli T haina cha kukagua. Kimelea kimejua pa kujificha! Ila kabla ya hapo kilipitia kwenye ini, na seli za ini zina MHC. Huko ndiko seli T hupata nafasi ya kukiwahi, kama wiki moja tu.

MHC daraja la pili huziamsha seli T saidizi, nazo huzisukuma seli B (aina nyingine ya seli za kinga) kutengeneza kingamwili. Kimelea kikishaingia kwenye damu, kingamwili hizo ndizo tunazozitegemea zaidi.