Barua kwa Mwanangu wa Luchelele: Mbona Msibani Wanakuja Wote?

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako zimefika na baba yako anakuitikia. Juzi uliponipigia nilikuwa sokoni Mwaloni, wateja wamenizunguka, na swali lako halikuwa la kujibiwa huku napima dagaa. Ndiyo maana nakuandikia.

Uliniambia ninyi majirani sita mnajitolea kupanga siku ya kuwakutanisha watu wa mtaa wenu. Mmechanga fedha zenu, mmekodi turubai, viti na spika, mmenunua mbuzi na kreti za soda. Siku ilipofika wakaja walewale mnaosalimiana kila siku. Wavuvi wa kule mwaloni kwenu, mitumbwi inakotua, hawakupanda, wanafunzi wa chuo walipita wakachungulia, wenye mageti hawakufungua, na wenyeji waliokuwa na mashamba hapo kabla viwanja havijapimwa walibaki nyumbani kwao. Ukaniuliza kwa uchungu: "Mama, mbona kwenye msiba wanakuja wote?"

Nimelala na swali hilo. Hebu tazama msiba wa mtaani unavyokwenda. Habari ikishatoka hakuna anayengoja kualikwa. Vijana wanakimbilia turubai na viti, wengine wanakwenda kuchimba kaburi. Kina mama wanafika na kanga zao, huyu anachambua mchele, yule anamenya vitunguu, mwingine ameshika ndoo anatafuta maji. Mzee mmoja anakaa na daftari la rambirambi. Aliyetoa elfu moja anaandikwa sawa na aliyetoa laki, na kabla watu hawajatawanyika hesabu inasomwa. Mpangaji aliyehamia wiki jana, asiyejua hata jina la marehemu, hapati taabu kujua akae wapi na ashike nini. Awe Mhaya au Mkurya, Mjita au Msukuma, awe Muislamu, Msabato au Mkatoliki, anakuta pengo lake linamngoja.

Wewe ulikuwa hujazaliwa MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996. Meli ilikuwa inatoka Bukoba na ilikuwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia ya watu walipotea, na wengi wa waliopatikana walizikwa kule Igoma. Siku zile hapa Kirumba mwenye sufuria kubwa alitoa sufuria, mwenye gari alitoa gari, na wageni waliokuja kutafuta ndugu zao walilala kwenye nyumba za watu wasiowajua kabisa. Hakuna kamati iliyokaa. Desturi ilikuwa imeshawagawia watu kazi kabla hata ya maafa.

Furaha haina desturi kama hiyo hapa mjini. Harusi ina kadi, na asiye na kadi anapita njia yake. Sasa ninyi mkaandika tangazo kwamba "wote mnakaribishwa", mkadhani yametosha. Mvuvi akijiuliza nani hasa kamwita, na atakaa na nani, na asionekane kafuata nyama, atabaki kwake. Na mlikuwa mmeshafanya kila kitu, mwanangu. Mlinunua, mlipika, mlipanga viti, mlipakua. Hamkumwachia mtu cha kushika isipokuwa sahani. Mtu mzima anaona haya kula jasho la jirani asiyemjua, na haya hiyo ni tabia njema, msiilaumu.

Kwa hiyo safari hii punguzeni kuandaa, gaweni kazi. Kabla hamjanunua hata kiberiti, zungukeni mtaa kwa miguu, wawili wawili, nyumba kwa nyumba. Ujumbe wa simu hautoshi, maana kundi lenu la simu lina watu wenye namba zenu tu. Wapangaji hawamo, wadada wa kazi hawamo, walinzi hawamo, na hao ndio wanaouona mtaa mchana na usiku. Na kila nyumba iombeni kitu kimoja ambacho wao wanacho. Wavuvi waombeni samaki, na muwaombe wao wenyewe wasimamie namna ya kuwapika. Wenyeji waombeni uwanja chini ya miti yao, viazi, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), na mzee wa kufungua shughuli. Wanafunzi waambieni wachore mabango, washike filimbi ya mpira na wawaangalie watoto, ila msipange siku yenu kwenye wiki zao za mitihani. Mwenye geti mwombeni maji ya bomba au nafasi kwenye friji yake. Fedha ziwe za mwisho kutajwa, maana ukimwanza mtu kwa fedha anakupa noti ili umwondokee.

Lakini ombi liwe la kweli. Ukimwomba mama fulani alete sufuria ya ugali, halafu pembeni umeshaajiri mpishi kwa kuhofia asilete, atalijua hilo akifika tu. Hapo umemwambia mbele za watu kwamba hakuwa na maana. Kubalini kwamba kitu kinaweza kupungua. Ugali ukipungua, watu watacheka, watagawana, na mwakani ataleta sufuria mbili.

Sasa nije kwenye chakula, na hapa nisikilize kwa makini. Yule mbuzi mlimchinja ninyi, mkidhani ni jambo la jikoni. Kanda yetu hii imeshamwaga damu kwa swali la nani achinje. Mwaka 2013, Buseresere kule Geita, ugomvi wa kuchinja ulifika mahali mchungaji akauawa. Watu wa umri wangu hawajasahau, na Muislamu asiyejua mbuzi wenu kachinjwa na nani hatakuuliza, atakaa tu nyumbani. Ziwa limetupa njia. Samaki hana mchinjaji. Sato na sangara wanaliwa na dini zote za mtaa wako. Kambale mwacheni siku hiyo, kwa sababu Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na Wasabato ni wengi kanda hii. Mkitaka nyama lazima, nendeni kwa majirani Waislamu wawatafutie mchinjaji, na Wakristo wa hapo waambiwe mapema wakiwa wametulia, nyumbani kwao, na wakubali kwa vinywa vyao. Mimi ningeanza na samaki.

Uliniuliza pia kama kila kabila liwe na meza yake ya chakula cha asili. Mimi sipendi mtindo huo kwa siku ya majirani. Unapendeza machoni, lakini watu wanabaki wamekaa kikabila, kila mmoja nyuma ya meza yake, na Mjita anaondoka hajaongea na Mhaya. Pikeni mahali pamoja. Mafiga yawe yamepangwa mstari mmoja, na mikono ichanganyike. Mwanamke wa Bukoba akimwonyesha Msukuma anavyomenya ndizi, na Msukuma akamwonyesha anavyopika michembe kwa karanga, hao kesho wakikutana gengeni wana la kusemezana. Na wanaume wapangiwe zamu ya kuosha vyombo, iandikwe kabisa kwenye orodha. Kina mama wakimalizia siku kwenye masufuria, mwakani hawatakuja.

Siku gani? Mlichagua Jumamosi mchana, mkawaacha Wasabato wote nje. Ijumaa mchana ni ya msikiti. Jumapili asubuhi ni ya makanisa. Jumapili kuanzia saa tisa alasiri karibu kila mtu yuko huru, na kwa swala ya alasiri na magharibi wekeni jamvi na maji ya kutawadha pembeni, muziki uzimwe kwa muda. Lakini kuna kalenda nyingine ambayo watu wa maofisini hawaiangalii. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, na mitumbwi inapumzika. Mkipanga siku yenu kwenye giza, wavuvi watakuwa ziwani usiku na wamelala mchana, na kina mama waanikaji watakuwa mchangani kutwa. Tafuteni Jumapili iliyo karibu na mwezi mpevu. Mtawapata wavuvi wakiwa nyumbani, na watoto watarudi makwao kwa mwanga. Mvua za vuli na za masika ziepukeni, maana njia za kule kwenu zikilowa mzee mwenye fimbo hawezi kutelemka.

Kuhusu michezo, nakukumbusha Bujora. Tulikupeleka kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, ukiwa mdogo, pale Kisesa, mwezi wa sita. Wagalu na Wagika, yale makundi mawili ya wachezaji ngoma, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Hebu ona hekima ya wazee hapo. Kugawana kwa Wagalu na Wagika hakufuati kijiji wala ukoo mmoja, kwa hiyo watu wa kijiji kimoja wanaweza kushindana, na mtu akawa na wenzake katika kijiji asichowahi kulala. Na mtazamaji naye ana kazi, miguu yake ndiyo kura. Fanyeni hivyo. Msiwapange wavuvi dhidi ya wanafunzi, wala wapangaji dhidi ya wenye nyumba, mtakuwa mmewasha moto kwa mikono yenu. Watu wachukue vipande vya kitambaa mlangoni, vyekundu na vya kijani zamu kwa zamu kadiri wanavyoingia. Mwenye geti na mlinzi wake wanaweza kujikuta wanavuta kamba moja. Wazee waandalieni bao, watoto rede na kuruka kamba. Upande upi umeshinda uamuliwe na umati.

Rangi hizo pia ziangalieni zisifanane na za chama chochote. Na likija suala la siasa, muwe wagumu. Mwenye nia ya kugombea atatokea, atajitolea kulipia spika na fulana. Mwambieni anakaribishwa kama jirani, alete kuni au maji kama wengine, na kipaza sauti hakigusi. Mkimpokea mara moja tu, nusu ya mtaa itaihesabu siku hiyo kuwa yake, na kuwarudisha watu hao ni kazi ya miaka.

Vibali ni jambo fupi. Mwoneni mwenyekiti wa mtaa kwanza, ana kwa ana, kisha andikeni barua kwa mtendaji na polisi kata wapewe taarifa, mtaje saa ya kuanza na saa ya kuzima muziki. Saa hiyo ikifika zimeni kweli, hata watu wakilalamika, maana kuna mgonjwa na kuna mtoto mchanga. Maji ya kunywa yachemshwe, ndoo ya kunawia iwekwe kabla ya chakula. Tumeuguza kipindupindu kando ya ziwa hili, sihitaji kukueleza zaidi.

Fedha na vitu vyote viandikwe kwenye daftari, kama vile rambirambi. Gunia la mkaa liandikwe, saa mbili za mwanafunzi kuwaangalia watoto ziandikwe, sato wa mvuvi aandikwe. Lisomwe jioni ileile, mbele ya wote, mtu asikie jina lake na kile alicholeta. Iliyobaki itajwe ni shilingi ngapi na inakwenda wapi. Mimi ningependekeza ianzie mtaro ule ulioniambia unaziba na kupeleka maji kwenye vyumba vya wapangaji. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi kila mahali, ingawa kwa Wasabato mtawapangia zamu yao Jumapili. Waliovuta kamba pamoja washike majembe pamoja. Pale Mabatini kila anayekaa kando ya Mto Mirongo anajua kwamba taka za wa juu zinaishia mlangoni kwa wa chini, kwa hiyo salamu ya jirani haiishi kwenye sherehe.

Halafu ninyi sita. Najua mmechoka, na sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyevunjika moyo. Kujitolea kunachosha zaidi ya kazi ya mshahara, kwa sababu hakuna anayekuambia basi, nenda nyumbani. Kabla turubai halijakunjwa, tajeni tarehe ijayo, na hapohapo kamati mpya itajwe. Watatu wenu mtoke, watatu mbaki. Nafasi zinazoachwa zipewe mvuvi mmoja, mwanafunzi mmoja na mama mmoja mwenyeji. Watapanga kwa namna yao, na pengine viti havitakuwa kwenye mistari unayoipenda. Waache.

Baba yako anasema ana turubai la zamani na sufuria mbili kubwa zile za ubarikio wa kaka yako, tutavileta kwa bajaji. Mimi nitaleta dagaa, na naomba niandikwe kwenye daftari kama wengine. Lakini anza kwa kutelemka mwaloni jioni moja, wewe na mmoja wenu anayefahamika kule, muwaulize wavuvi mwezi huu giza linaisha lini. Wakishakujibu, nipigie unitajie Jumapili mliyopatana.

Ni mimi mama yako,
Kirumba, Mwanza