Vijana wa panorama: kinachozunguka kiwe lenzi

Jana jioni nimewaona tena Forodhani, tripodi zimepangwa ukutani, na nikajua mapema picha zipi zitakataa kuungana kuwa panorama, yaani picha moja pana. Nawapenda, lakini someni haya kabla hamjatoka tena.

1. Sawazisha miguu ya tripodi kwanza, kichwa baadaye. Miguu ikiwa upande, kila ukigeuza kamera upeo wa bahari unapanda au unashuka.

2. Kamera wima, kila picha ilalie mwenzake kwa theluthi. Mwanga, fokasi na rangi ziwekwe kwa mkono, zisibadilike hadi umalize.

3. Hapa nakaa, maana ndipo panaponiuma. Kijana mmoja kaniletea kichochoro cha Mji Mkongwe: jua la asubuhi, mlango wa nakshi karibu kabisa, baraza zikienda mbali. Kuunganisha, misumari ya shaba imetoka mara mbili, baraza imekatika kama imepigwa shoka. Analaumu programu ya kuunganisha, Hugin! Hugin haina kosa, mwanangu. Kamera umeifunga juu ya kichwa cha tripodi, inazunguka kwenye skrubu, na lenzi iko mbele ya skrubu. Kila ukigeuza, lenzi inahama, na kilicho karibu kinaachana na kilicho nyuma yake. Ufukweni hamlioni kosa hili kwa sababu kila kitu kiko mbali, mkadhani mmeshafuzu.

Tafuteni reli ya kusogezea kamera mbele na nyuma juu ya tripodi, hata ya kuchongesha kwa fundi. Simamisha ufito karibu, uoanishe na mlingoti wa mbali, geuza kushoto na kulia. Vikiachana, sogeza kamera nyuma kidogo, rudia hadi vitulie. Tia alama, lenzi ya zumu ina alama yake kwa kila urefu wa fokasi. Upande mmoja wa Beit al-Ajaib, lile jumba la kale hapo Forodhani Zanzibar, ulianguka Desemba 2020, na aliyewahi kuupiga vizuri ana kitu ambacho hakipigiki tena. Ndiyo maana nawasumbua.

4. Polaraiza, kile kichujio cha mbele ya lenzi, ivue, itakuachia doa la buluu angani.

5. Jahazi likipita, liache liwe katikati ya picha moja, lisiangukie kwenye maungio. Na siku za bamvua msiweke tripodi kwenye mchanga wa maji: wimbi likipita miguuni linachimba, na usawa wote wa namba moja umekwenda.