Mipaka ya kazi ya muuguzi mtabibu katika idara ya dharura

Ndugu, umeuliza iwapo muuguzi mtabibu nchini Marekani, yaani muuguzi mwenye mafunzo ya juu anayeruhusiwa kutambua maradhi na kuandika dawa, anaweza kumtibu mgonjwa wa dharura na kumruhusu arudi nyumbani bila daktari kumwona. Mara nyingi inawezekana, lakini hutegemea sheria ya jimbo, aina ya cheti alicho nacho na, zaidi ya yote, kanuni za hospitali yenyewe, ambazo zinaweza kubana kuliko sheria.

Chukua mfano wa mtu aliyekatwa kiganjani na kioo: muuguzi huyo hukagua kwanza kama vidole vinakunjika na vina hisia, huagiza eksirei iwapo anashuku kipande kimebaki ndani, ndipo humchoma ganzi, huosha jeraha, hulishona, huandika dawa na kuamua kuhusu chanjo ya pepopunda. Kano ikiwa imekatika, humwita daktari wa upasuaji.

Hata uchunguzi wa awali unaotakiwa na EMTALA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, anaweza kuufanya, mradi hospitali imemtambua katika kanuni zake kuwa na sifa hiyo.

Linalosahaulika ni umri wa wagonjwa. Aliyesomea huduma ya watu wazima wenye maradhi makali hakuandaliwa kutibu watoto, ilhali muuguzi mtabibu wa familia huona rika zote, ingawa mafunzo yake huegemea zaidi kliniki za kawaida. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusiwa kuingiza mpira wa kupumulia kooni, anahitaji kuthibitisha ujuzi wake na kupewa kibali mahususi. Nami naona ni sharti la haki.