Jibu: Pevingi zinazopitisha maji zimeanza kutuamisha mvua

Ndugu, umeuliza kwa nini pevingi zako zinazopitisha maji sasa zinatuamisha mvua, na kama kumwaga mchanga kwenye nafasi zilizo kati ya vitofali vyake, ambako maji hupita, kutasaidia. Mchanga usiumwage kabisa. Kwa kawaida tatizo huwa katika sentimita 2 au 3 za juu za nafasi hizo, ambako vumbi, udongo unaoletwa na matairi na majani yaliyooza huziba kokoto zilizojazwa humo; chokonoa hapo kwa bisibisi, ondoa uchafu ukiwa mkavu, kisha jaza kokoto za milimita 2 hadi 5 zilizooshwa. Maji ya presha yakielekezwa wima husukuma tope chini zaidi, mahali ambapo hutalifikia bila kung'oa pevingi. Na fundi asichanganyie zege juu ya pevingi hizo, hata akikuahidi kusafisha.