Kumimina vichwa na kujaza maganda nyumbani: mimi ningeanzia nyuma

Mkuu, umesema una kibali cha rivolva ya .38 Special, unataka kupiga shabaha kila wiki, na risasi za dukani zinakumaliza mfuko. Unataka kununua kalibu na sufuria uanze kumimina vichwa mwenyewe, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, na umeuliza mambo matatu: uanzie wapi, kama jikoni panafaa, na kalibu iwe ya matundu mangapi. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Naipenda, na kwa sababu naipenda nitakujibu kwa urefu.

Kwanza soma kibali chako vizuri. Nchi nyingi zinatenganisha ruhusa ya kumiliki silaha na ruhusa ya kujaza risasi au kuweka baruti na fataki (kile kinachogongwa na kuiwasha baruti) nyumbani, na zipo zisizomruhusu kabisa mtu binafsi kufanya hivyo. Kama huko kwako hairuhusiwi, ruka mpaka ninapoanza kuzungumzia kufyatua tupu, yaani kuvuta triga silaha ikiwa haina kitu. Huko ndiko nilikopata faida kubwa kuliko kote.

Lugha yetu inaita madini na kile kinachotoka mtutuni kwa neno hilohilo moja, risasi, kwa hiyo tuelewane. Nikisema risasi peke yake nina maana ya madini. Kile kinachoruka nitakiita kichwa. Risasi kamili ya dukani ina vitu vinne: ganda, fataki iliyo kwenye kitako chake, baruti, na kichwa. Katika hivyo vinne, ganda ndilo ghali, na ndilo pekee linalobaki mkononi mwako baada ya mlio. Maganda yangu mengine ya .38 nimeyajaza zaidi ya mara ishirini kabla midomo haijaanza kupasuka. Maana yake ni kwamba nafuu kubwa unaipata siku unapoacha kutupa maganda, hata kama vichwa bado unanunua. Kumimina kunaongeza nafuu juu ya hapo, lakini ndiyo sehemu yenye jasho jingi na hatari nyingi. Wengi wanaianza kwanza kwa sababu moto na madini yanayong'aa vinavutia macho. Hata mimi nilianza hivyo.

Tupige hesabu. Kichwa cha kawaida cha .38 kina uzito wa greni 158, yaani gramu 10 na kidogo. Kilo moja ya risasi inatoa vichwa 97 hivi. Ukipiga mia moja kwa wiki, kwa mwaka ni vichwa 5,200, na hiyo ni zaidi ya kilo 50 za madini. Zote utazitafuta, utazibeba, utaziyeyusha na kuzisafisha. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa napata vizito vya kusawazishia magurudumu ya magari, na vilikuwa risasi nzuri yenye antimoni kidogo. Siku hizi vingi ni vya chuma au zinki, kwa sababu nchi kadhaa zimepiga marufuku vya risasi. Zinki ndiyo adui wa sufuria. Risasi inayeyuka kwenye nyuzijoto 327, zinki kwenye 419. Ukiwa mtulivu, ukaupandisha moto polepole na kipimajoto kikiwa ndani, vipande vya zinki vinaelea juu vikiwa bado vigumu na unaviokota kwa kijiko. Mimi siku moja nilikuwa na haraka, nikawasha moto hadi mwisho na kwenda kuchukua kitu. Niliporudi kila kitu kilikuwa kimeyeyuka pamoja, uji mzito kama wa shayiri, na kila kichwa kilichotoka kilikuwa na mikunjo na mashimo. Sufuria nzima niliitupa. Tangu siku hiyo kila kipande nakigonga kwanza: cha risasi kinatoa mlio mfu, cha zinki kinalia.

Mchanganyiko wenyewe usikusumbue sana. Risasi tupu ni laini. Bati linaifanya itiririke na kuingia kila kona ya kalibu, antimoni inaipa ugumu. Utawasikia watu wanashindana nani ana vichwa vigumu zaidi, lakini kwa mwendo mdogo wa .38 ugumu si tatizo. Tatizo ni kipenyo. Mtutu una inchi 0.357, kichwa kinatakiwa kiwe 0.358, kipana kidogo kuliko njia yake. Kikiwa chembamba, gesi ya moto inapenya pembeni, inakilamba, na risasi inapakaa kwenye michirizi ya mtutu. Nilihangaika mwaka mzima kuongeza ugumu huku kalibu yangu ikitoa vichwa vyembamba. Mikromita, kile chombo cha kupimia vipenyo, ingenionyesha kosa kwa dakika moja.

Sasa maji. Tone la maji likikaa juu ya risasi iliyoyeyuka linachemka na kupotea, hakuna la ajabu. Likiingia chini ya uso wake ndipo balaa linapoanza, kwa sababu maji yakigeuka mvuke yanahitaji nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya mwanzo, na yanaipata kwa kurusha madini juu. Mimi nilitumbukiza kipande cha bomba la zamani lililokuwa na unyevu ndani ya mkunjo. Sufuria ilitapika. Nilikuwa nimevaa miwani kubwa, glovu za ngozi, shati la pamba la mikono mirefu na viatu vilivyofunika miguu, na bado nina kovu shingoni. Bila miwani ningekuwa kipofu. Kwa hiyo chakavu kiweke kwenye sufuria baridi, ndipo uwashe moto. Kama sufuria imeshayeyuka, chuma chochote kinachoingia, hata kijiko cha kuondolea taka, kipashwe joto kwanza ukingoni.

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu hili halina mlio wala kovu.

Mwaka wangu wa nne nilianza kuchoka ovyo, usingizi mbaya, tumbo linakaza, hasira za bure. Daktari alipouliza nafanya nini mwisho wa wiki nikamweleza, akaagiza kipimo cha risasi kwenye damu. Majibu yalikuwa mikrogramu 31 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na likataka mtu yeyote aliyefika 5 chanzo chake kitafutwe na kizibwe. Mimi nilikuwa zaidi ya mara sita ya hapo, na nilijiona mwangalifu kwa sababu nilimimina nje, penye upepo.

Kosa langu lilikuwa kuogopa moshi peke yake. Kwenye joto la kumimina, nyuzi 370 hadi 400, risasi haitoi mvuke mwingi. Vumbi ndilo lililonipata. Yale mavi yanayokwanguliwa juu ya sufuria ni unga wa oksidi ya risasi, mwepesi mno, na mimi nilikuwa nayatupa kwenye ndoo kwa kishindo mpaka yanatimka. Mikono ilitoka kwenye vichwa ikaenda kwenye kikombe cha chai. Chanzo cha tatu sikukifikiria kabisa: ile mashine ya kuzungusha maganda yang'ae. Fataki nyingi zina kemikali ya risasi, masalia yake yanabaki ndani ya ganda, na ukizungusha maganda makavu kwenye pumba unatengeneza vumbi la sumu. Mashine yangu ilikuwa ndani, chumba ambacho watoto walikuwa wanapita.

Tulipima watoto pia. Nashukuru walikuwa chini, lakini ile wiki ya kusubiri majibu sitaisahau. Kwa mtoto risasi inagusa ubongo unaokua, na kilichopotea hakirudishwi na dawa. Kwenye damu inapungua nusu kwa kama mwezi mmoja, ila kinachoingia kwenye mifupa kinakaa miaka na miaka.

Basi jikoni hapafai, mkuu. Hata mara moja, hata kwa sufuria utakayoitenga, hata familia ikiwa imesafiri. Mimina nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili. Mavi ya risasi yaweke taratibu kwenye kopo lenye kifuniko na uyapeleke kwa wanaopokea taka za sumu. Maganda yaoshe kwa maji na sabuni badala ya kuyazungusha makavu, na maji hayo usiyamwage bustanini. Nguo za kazi zisioshwe na za nyumbani, viatu vibaki nje ya mlango. Usile, usinywe, usivute sigara mpaka umeoga. Na pima damu kabla hujaanza, ili uwe na namba yako ya kulinganisha. Mimi sasa nipo 4, na ilinichukua karibu miaka miwili kufika hapo.

Kujaza maganda kwenyewe ni kazi safi zaidi, ila inadai akili iliyotulia. .38 Special ilitoka mwaka 1898, wakati baruti nyeusi ingali inatumika, ndiyo maana ganda lake ni refu. Baruti za sasa zina nguvu kubwa kwa ujazo mdogo, kwa hiyo kipimo sahihi kinakaa chini kabisa ya ganda. Unaweza kumimina mara mbili kwenye ganda lilelile na lisijae, macho yakapita bila kuona chochote. Kipimo maradufu kinapasua silinda. Nami sitakuandikia kipimo chochote hapa, na usichukue kipimo kwa mtu yeyote anayekuandikia, hata akiwa mkweli: tumia kitabu cha mtengenezaji wa baruti uliyoishika mkononi, anza na kiwango cha chini, na mizani iangaliwe kwa jiwe la uzito unaojulikana kila unapokaa.

Kosa la upande wa pili nimelifanya mwenyewe. Usiku mmoja simu iliita katikati ya kazi. Niliongea dakika mbili, nikarudi, nikaendelea pale nilipodhani niliishia. Jumamosi uwanjani, risasi kamili ya nne ililia "puf" kama mtu aliyepiga chafya. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuvuta tena pale mzee aliyekuwa meza ya jirani aliponishika bega na kusema, "Simama hapo hapo, mwanangu." Tukafungua silinda, tukapitisha kijiti mtutuni, kikagota katikati. Ganda lile halikuwa na baruti. Fataki peke yake ilikuwa imesukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha pale. Ningepiga ya tano, mtutu ungenipasukia usoni. Tangu hapo maganda hamsini yanakaa kwenye kibao chenye matundu, nayajaza yote baruti, namulika tochi safu kwa safu kabla kichwa hata kimoja hakijawekwa. Simu inabaki chumba kingine. Nikikatizwa, namwaga ninalolishughulikia na kuanza upya.

Sasa swali la uanzie wapi. Wewe hutafuti vichwa, unatafuta mazoezi. Mimi ningepanga ngazi hii kinyume na nilivyoipanda.

Anza na kufyatua tupu. Silaha imefunguliwa, imekaguliwa kwa macho na kwa kidole, risasi kamili zote zipo chumba kingine na mlango umefungwa, mbele yako kuna ukuta usiopenyeka. Weka risasi bandia kwenye silinda, lenga nukta, vuta triga polepole uangalie kinachotokea kwenye kinundu cha kulengea kilicho mbele ya mtutu pale nyundo inapoanguka. Kikiruka, umepata kosa lako bila kutumia chembe ya baruti. Dakika kumi na tano kila jioni. Rivolva ya .38 inavumilia hili. Silaha ya .22 ambayo fataki yake ipo ukingoni mwa kitako cha ganda usiifanyie hivyo, maana nyingi pini yake inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Wakati damu yangu inasafika daktari alinizuia kugusa risasi miezi sita, nikabaki na zoezi hili tu. Niliporudi uwanjani, matundu yangu kwa mita 20 yalikuwa yamekusanyika kuliko wakati wowote wa ile miaka minne ya kumimina kilo kwa kilo. Niliumia kidogo kuona hivyo, nikikumbuka damu yangu.

Halafu bunduki ya upepo, kama sheria inakuruhusu. Usiidharau. Mita 10 ya bunduki ya upepo ni mchezo wa Olimpiki tangu 1984, na ile alama ya kumi ya katikati ni nukta ya nusu milimita, wakati kidonge (kichwa chake kidogo) kinachoipiga kina milimita 4.5. Mwendo wake ni mdogo, kwa hiyo mkono ukitikisika kabla kidonge hakijatoka, karatasi inakusema. Bunduki ya upepo ya springi usiifyatue bila kidonge, pistoni inajigonga yenyewe. Na vidonge vingi ni risasi vilevile, kwa hiyo mikono ioshwe.

Baada ya hapo kusanya maganda, nunua vichwa vilivyokwisha tengenezwa, ujaze kwa mashine ya hatua moja moja kwa mwaka mzima. Ukiona bado unapiga zaidi ya unavyoweza kulipia, ndipo ununue kalibu.

Na kalibu yenyewe: chukua ya alumini ya matundu mawili. Ya sita inavutia, lakini ni nzito, inataka mkono wenye mwendo usiobadilika ili joto libaki sawa, na mgeni anaishia kurudisha nusu ya vichwa kwenye sufuria. Ya mawili inapata joto haraka, na ukishaizoea inatoa vichwa zaidi ya mia mbili kwa saa, ambavyo ni mazoezi yako ya wiki mbili.