Mkubwa anataka niandike "nauli"

Shikamoo Mama. Mimi ni karani wa uhasibu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha huku Kurasini. Kampuni mama iko Uingereza. Kontena likikwama bandarini, meneja ananiambia nitoe laki mbili au tatu kwenye fedha za matumizi madogo, nimpe kijana wetu "akawape watu chai", halafu kwenye vocha niandike nauli. Juzi tumeletewa mafunzo ya kupinga rushwa kutoka London, tumejibu maswali kwenye kompyuta, tumepata vyeti. Kesho yake vocha ya nauli iko mezani kwangu. Nikikataa, kibarua kitaota nyasi, na nina mtoto wa darasa la pili. Nifanyeje?
Karani, Temeke

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana ningeweza kuiandika mimi. Mwaka 1998 nilikuwa karani kama wewe, kwenye kampuni moja kando ya Barabara ya Pugu. Sisi tuliandika "dizeli". Kwa miezi miwili gari lenyewe lilikuwa limelala gereji bila injini, na vitabu vyangu vinasema limejazwa kila Jumatatu na Alhamisi. Mkaguzi alizipanga mezani vocha 18, zote zina sahihi yangu. Mkubwa aliyekuwa akiniamuru alisema mbele yangu kwamba yeye hajui lolote, na kweli hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Aliyeondoka na mfuko wa rambo wenye vitu vya mezani ni mimi.

Kwa hiyo nakuambia kama mwanangu wa kumzaa: vocha hiyo usiisaini.

Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata anayetoa sawasawa na anayepokea. Haiulizi kama ni laki mbili au milioni mia, wala neno "chai" halibadilishi kitu. Na kuna jambo ambalo makarani wengi hawalijui: kutumia hati yenye maelezo ya uongo ili kumpotosha mwajiri ni kosa jingine linalosimama peke yake. Mwajiri wako ni kampuni, meneja naye kaajiriwa tu. Hivyo kijana wa bandarini ana kosa lake, na wewe uliyeandika "nauli" unalo la kwako.

Huko Uingereza nako, Sheria ya Rushwa ya mwaka 2010 inaweza kuitia hatiani kampuni kwa kushindwa kuzuia rushwa iliyotolewa na watu wake popote duniani. Utetezi wake ni kuonyesha kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuizuia. Sheria ya Marekani ya 1977 ina upenyo mwembamba kwa malipo madogo ya kuharakisha kazi za kawaida za ofisi za serikali; ya Waingereza haina. Ndiyo maana mkaletewa mafunzo. Lakini cheti cha kompyuta hakizuii kitu iwapo hakuna mtu London anayeuliza kwa nini nauli ya Kurasini hadi bandarini, mwendo wa bajaji, inafika laki tatu. Hili linaniuma, kwa sababu wanajilinda wao na kukuacha wewe mlangoni.

Kesi ya kwanza ya kosa hilo la kushindwa kuzuia ilihusu nchi yetu. Novemba 2015, Standard Bank ilifikia makubaliano na waendesha mashtaka, mahakama ya London ikayaidhinisha. Serikali yetu ilikuwa inakopa dola milioni 600 kupitia benki hiyo, na dola milioni 6 zililipwa kampuni moja ya hapa ambayo haikuonekana kufanya kazi yoyote. Fedha zile zilitolewa taslimu kwa siku chache. Walioshtuka ni wafanyakazi wa benki hapahapa Dar es Salaam, wakasema. Tanzania ikalipwa kama dola milioni 7, riba ikiwemo. Watu wa ngazi yako, mwanangu, ndio walioona.

Sasa ufanye hivi. Mwandikie meneja ujumbe mfupi wa heshima: "Mkubwa, naomba risiti ya nauli hii na jina la aliyesafiri, nikamilishe vocha." Usimshutumu, uliza tu, na majibu uyatunze. Malipo halali ya serikali yana kontrol namba na risiti. Asiyeweza kukupa hivyo viwili, fedha usimpe. Fuatilia pia kwa nini kontena linakwama. Baadaye nilipokuwa mkaguzi, makontena mengi niliyoyafuatilia yalikwama kwa sababu nyaraka ziliwasilishwa zina makosa, kisha storeji, yaani tozo ya kontena kukaa bandarini, ikaanza kuhesabu na watu wakaingiwa na hofu. Meneja akiendelea kukubana, tumia njia ya siri ya kutoa taarifa ya kampuni mama, au piga 113 TAKUKURU, ni bure. Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sikuahidi kwamba hutatikiswa kazini. Mimi nilikaa miezi saba bila kazi.

Mama, ofisini kwetu kopi za NIDA za madereva zinarushwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu 60. Dereva mmoja kalalamika, bosi kasema kitambulisho si siri. Ni kweli?
Msimamizi wa magari, Mbagala

Si kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake inayopokea malalamiko. Taarifa ya mtu inachukuliwa kwa kazi iliyotajwa, inatunzwa salama, na haitumiwi kwa jambo jingine. Geti la bandari linamhitaji dereva mmoja na kitambulisho chake. Watu 59 waliobaki hawakihitaji. Muulize pia bosi kama kampuni imejisajili kwenye Tume, maana anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa.

Leo hii waombe wote wazifute kopi hizo kwenye grupu na kwenye simu zao, kisha zibaki kwa mtu mmoja anayejulikana. Na yule dereva aliyelalamika, mtafute umwombe radhi kwa mdomo wako.